Gesi ya AC haiishi, inavuja

Leo naiacha kompyuta kidogo, tuingie chini ya boneti. Usiondoke, tutarudi kwenye programu baadaye.

Mjomba wangu yuko Ngao na ana Toyota Corolla, ile watu wanaiita 110, ya mwaka 1998. Anabeba abiria kwenda Garsen, na mara nyingine hadi Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kabla hujafika kwenye lami, ukifungua dirisha unakula vumbi, ukilifunga unachemka. Wengi wa abiria wake ni wazee na wagonjwa wanaokwenda hospitali. Kwa mama mjamzito anayesafiri saa saba mchana katika joto la Tana, AC si anasa.

Sasa AC ya mjomba ilikufa. Akaenda kwa fundi, akajaziwa gesi. Wiki mbili, joto likarudi. Akajaziwa tena. Mara tatu! Na kila mara maelezo yalikuwa yale yale: "Gesi imeisha, mzee."

Hapa ndipo ninapokasirika. Gesi ya AC si petroli, haichomwi. Inazunguka tu: kompresa inaibana, inapoa na kuwa maji maji kwenye kondensa (ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji), inapita kwenye valvu nyembamba, inachemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kufyonza joto la gari, kisha inarudi kwenye kompresa. Ni kweli gari hupoteza gesi kidogo kidogo kwa miaka. Lakini ikiisha kwa wiki mbili, kuna tundu. Kujaza gesi bila kutafuta tundu ni sawa na fundi wa kompyuta anayekuja kuizima na kuiwasha kila asubuhi kwa sababu programu inakula memori, na kila asubuhi anakulipisha. Hiyo si kazi. Hitilafu iko pale pale.

Nilipokwenda Ngao likizo tulitafuta wenyewe. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja hapakosi doa la mafuta lililoshika vumbi. Tukapaka povu la sabuni. Mapovu yalitoka kwenye sili ya mbele ya kompresa, na mengine kwenye kona ya kondensa iliyopigwa na jiwe. Kompresa mpya? Bei yake inamfaa mwenye gari jipya. Tukageukia magari yaliyochinjwa.

Watu wamegawanyika kuhusu spea za mtumba. Wapo wanaosema zote ni takataka, na wapo wanaochukua chochote kinachofanana. Naona wote wamekosea. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia huishi miaka mingine 20, na linaishi kwa vipande vya wenzake. Ni kama programu huria: unachukua kazi ya mwingine, lakini unaisoma kwanza kabla ya kuiingiza kwenye mfumo wako.

Kanuni yangu sasa ni hii: chuma kichukue, mpira na kinachokunywa maji kiache.

1. Kompresa: zungusha kitovu chake kwa mkono. Kizunguke kwa ulaini, bila kukwaruza. Kisha mwaga mafuta uyatazame. Ya kwanza tuliyoletewa ilitoa mafuta meusi yenye chenga zinazong'aa. Chenga hizo ni kompresa inayojila, na ukiifunga zitasambaa na kuziba mfumo mzima. Tuliirudisha. Ya pili ilitoa mafuta safi.

2. Kondensa: chukua ile ambayo mabomba yake yalizibwa ilipotolewa. Na uliza gari lilikokatwa kompresa yake ilikuwaje. Ikiwa ilisagika, chenga zimeshafika humo.

3. Draya, ile kopo ndogo yenye chembe za kukausha unyevu: nunua mpya, hakuna mjadala. Ikikaa wazi inakunywa unyevu wa hewa hadi inashiba.

4. Pete za mpira kwenye maungio: mpya pia, za aina inayovumilia gesi ya R134a. Ni vitu vya bei ndogo kabisa katika kazi yote, na ndivyo watu wanavyobania.

Kisha ile hatua inayorukwa sana: kufyonza hewa. Tuliazima pampu kwa fundi wa friji, tukaiacha inguruma karibu saa nzima. Shinikizo likishuka sana, maji yaliyobaki ndani huchemka bila moto na kutoka kama mvuke. Yakibaki, huganda kwenye valvu, au hutengeneza asidi inayokula mfumo polepole. Kwa mara moja joto la Ngao lilitusaidia! Baadaye tulizima pampu na kutazama geji nusu saa. Mshale haukusogea. Hapo ndipo tulipoweka gesi, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, si kwa kukisia.

Na tafadhali, mtu akikwambia gesi ya kupikia inafanya kazi ile ile, kimbia. Itapoza, ndiyo, lakini ikivuja ndani ya gari ni moto unaosubiri cheche.

Kuna jambo moja zaidi. R134a haitoboi tabaka la ozoni kama R12 iliyokuwa kwenye magari ya zamani, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana Kigali kupunguza gesi za jamii hii. Mara tatu alizojaziwa mjomba zilikwenda wapi? Hewani. Tulilipa kuipasha moto dunia ambayo tayari inatuchoma.

Fedha za mara hizo tatu zilikaribia bei ya kompresa ya mtumba. Nilipomwambia hivyo mjomba alinyamaza, akafunga dirisha, akaongeza feni.

Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa "gesi imeisha", uliza swali moja tu: imepitia wapi?