Acheni Watoto Waruke Hadithi

Kuna wimbo ambao sisi waandishi tumeuimba mpaka sauti zimekauka: ati gemu za video zitapata heshima siku zitakapobeba hadithi nzito, na za Kiafrika zitafaulu siku zitakapobeba hadithi zetu. Mimi nimechoka nao. Anayeuimba hajawahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha PlayStation hapa Kibomet, Jumamosi, mvua ikipiga mabati.

Kibandani unalipia mechi, hulipii kisa. Nyuma yako kuna wanne wanaongoja zamu. Mhusika akianza kubwabwaja Kiingereza chake, kelele zinazuka: "Ruka bana! Ruka!" Na wanaruka. FIFA 17 ilipotoka mwaka 2016 ilikuja na hadithi kamili, ya kijana aitwaye Alex Hunter anayetafuta namba katika Ligi Kuu ya Uingereza. Ikaendelezwa kwenye FIFA 18 na FIFA 19, kisha wenyewe wakaiacha. Sijaona mtu hapa akiicheza. Kwani Hunter ni nani kwao? Mwenye Arsenal anakutana na mwenye Manchester United aliyemfunga nne wiki jana na kumcheka mpaka steji ya boda. Kisa ndicho hicho, na benchi zima linakijua tangu mwanzo.

Sisemi hadithi ni takataka. John Carmack, mmoja wa waundaji wa Doom ya 1993, aliwahi kuifananisha hadithi ya gemu na ile ya filamu za ngono: inatarajiwa iwepo, lakini si ya maana sana. Huyo naye alipitiliza. GTA: San Andreas ya 2004 inaanza CJ akirudi nyumbani kwa sababu mamake ameuawa, na kaka yake anamlaumu kwa kuwatoroka. Nani kati yetu hajahudhuria matanga ya namna hiyo? Lakini wengi waliomjua CJ walimjua kwa mbinu za siri za kupata pesa na bunduki. Matanga yaliwekwa kwenye vipande vya filamu kati ya mchezo na mchezo, na kinachoweza kurukwa kitarukwa.

Ugomvi wangu basi ni kuhusu mahali hadithi inapowekwa. Tazama bao la Waswahili. Mashimo 32, kete 64, wala hakuna msimulizi. Ila kuna shimo linaloitwa nyumba, lenye kete sita mwanzoni, na unalilinda. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Ukifika kwenye nyumba yako ukiwa katika kuteka, una hiari: ulale hapo au usafiri, uimwage akiba yote njiani. Watu wazima wamekosa usingizi kwa uamuzi huo. Hakuna aliyewasomea utangulizi.

Sasa linganisha na Nairobi X ya Andrew Kaggia, iliyotoka 2015. Nampa heko, ilikuwa kazi ya ujasiri. Viumbe wa anga wamevamia Nairobi, na sisi tulishangilia kuona mji wetu kwenye skrini. Lakini vidole vinafanya nini? Vinalenga na kupiga, kama vilivyofanya tangu Doom. Nairobi imekuwa pazia la nyuma. Kule Kampala, Kola Studios walichukua Matatu, mchezo wa karata ambao Waganda wanaucheza vibarazani, wakautia kwenye simu. Hauna shujaa wala mzimu wa babu, na mchezaji anajua yuko kwao kuanzia karata ya kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika maombi ya ufadhili mkiahidi gemu ya ngano za Mlima Elgon, yenye kurasa arobaini za mazungumzo, wekeni kalamu chini kidogo. Njooni Trans Nzoia wakati wa mavuno. Magunia ya kilo 90 yako ghalani. Broka yuko langoni na pesa taslimu, bei ya kukutusi. Serikali haijatangaza bei yake. Mahindi hayajakauka vizuri na mawingu yamekusanyika upande wa mlima; ukiyaweka mabichi, sumu kuvu; ukiyaweka makavu bila dawa, dumuzi. Karo inadaiwa Januari. Hiyo ni gemu, na kanuni zake tayari zipo. Mpe mchezaji padi, umnyime maelezo, umwache achague: auze magunia mangapi leo, na yapi ayangojeshe hadi Machi.