"Imezeeka" Si Ugonjwa

Kuna neno moja ambalo wauzaji wa vifaa vya umeme Nairobi wamelipenda kupita kiasi: imezeeka. Peleka blenda, imezeeka. Peleka tivii, imezeeka. Mimi niliambiwa hivyo kuhusu friji ndogo ya mvinyo, ya chupa kumi na mbili, yenye mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto wa umri huo hata nepi hajaacha, lakini duka lilikuwa tayari kumzika. Jamaa wa kaunta hakuifungua, hakuichomeka kwa stima, hakuuliza swali. Alinyoosha kidole kwa friji mpya na kuniuliza kama nitalipa kwa simu.

Tumalize kwanza hili la mvinyo, maana najua mnacheka. Eti watu wanatafuta unga na huyu analilia friji ya waini. Sawa, chekeni. Mimi huandaa karamu ndogo za watu, na chupa iliyoharibika kwa joto ni pesa inayotoka mfukoni mwangu, si mwa mteja. Halafu, neno lile lile ndilo anaambiwa mama anayeuza maziwa mtaani friji yake ikianza kulegea. Tofauti ni kwamba yeye akipoteza friji anapoteza biashara nzima. Kwa hivyo shikeni kicheko, tuongee.

Friji yangu haikufa. Ilipanda joto pole pole. Niliiweka nyuzi 12, ambazo zinafaa sana kuhifadhi mvinyo. Baada ya miezi kadhaa ikasoma 13, kisha 15, kisha 18, na haikushuka tena. Sasa hapo ndipo mtu mwenye nia ya kusaidia angeanza kazi, kwa sababu mwendo wa ugonjwa unakueleza mengi. Friji inayozima ghafla, shuku fyuzi, waya au bodi. Inayopanda joto kidogo kidogo, mara nyingi imeshindwa kutoa joto nje.

Friji nyingi ndogo za mvinyo hazina kompresa wala gesi. Zina kibamba chembamba, ukubwa wa kiberiti hivi, kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka wa 1834. Pitisha umeme, upande mmoja unapoa na ule mwingine unapata moto. Upande wa moto hushikana na chuma chenye mapezi, na feni hupuliza joto litoke. Feni ikianza kuchoka, au vumbi likijaa kwenye mapezi, au ile pasta inayounganisha kibamba na chuma ikikauka, joto halina pa kwenda. Linarudi ndani kupitia kibamba kile kile. Hakuna uzee hapo. Ni mlango wa kutokea umezibwa.

Na kupima si uchawi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iache kwenye friji usiku kucha, uone kama namba ya mlangoni inasema ukweli. Funga mlango juu ya noti ya mia, uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelegea. Sogeza friji mbali na ukuta na jiko. Sikiliza feni ya nyuma: inazunguka, inakwaruza, au imenyamaza? Chomoa stima, safisha vumbi kwa brashi. Kisha angalia joto la chumba chenyewe, kwa sababu friji za aina hii zina kikomo cha nyuzi zinazoweza kushuka chini yake. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32 kitaishinda friji ambayo Nairobi inapumua vizuri tu, na muuzaji alipaswa kukwambia hivyo kabla hujalipa.

Kama friji yako ni ya kompresa, vumbi, mpira na feni ni hadithi ile ile. Lakini ikifika kwa gesi, acha. Nyingi za kisasa hutumia R600a, gesi inayoshika moto. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea, si ya binamu yako mwenye bisibisi.

Yangu niliipeleka kwa fundi mmoja pale Luthuli Avenue. Aliiwasha, akaweka sikio nyuma, akasema, "Siz, hii haijakufa. Feni imechoka tu." Feni yenyewe ilikuwa ya volti 12, ndugu ya ile ya kompyuta. Shilingi 600. Kilichomtoa jasho ni kufungua: skrubu mbili zilifichwa chini ya vibandiko, na kifuniko cha nyuma kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Mtu alikaa kwenye meza akachora hiyo gundi. Alijua feni itachoka, na akahakikisha usiifikie.

Kuna wanaosema mafundi wetu ni matapeli, heri ununue mpya. Wapo matapeli, sikatai. Lakini fundi anayenyimwa mchoro wa kifaa na spea halisi analazimika kukisia, na kukisia kunafanana sana na utapeli. Duka linalotangaza kifo bila kufungua skrubu hata moja tunaliitaje basi? Hilo tunaliita huduma kwa wateja.

Wengine wanajua ya kufanya. Januari 2021, Ufaransa ilianza kulazimisha baadhi ya vifaa, kama simu, laptopu na tivii, viuzwe vikiwa na alama ya kuonyesha kama vinatengenezeka kwa urahisi. Mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengenezewa. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kuwa taka. Vizuri. Lakini mbona tumngoje hadi iwe taka? Dandora ilitangazwa kuwa imejaa mwaka wa 2001, na malori bado yanaenda. Kila "imezeeka" ya uongo inaongeza mzigo kwa watu wanaopumua ule moshi, ambao hawajawahi kuonja waini yangu.

Ninachotaka si kikubwa. Bei ya feni na mpira wa mlango iandikwe dukani kando ya bei ya friji. Mchoro wa ndani upewe fundi yeyote anayeuomba. Skrubu badala ya gundi. Na hadi hayo yaje, wewe unayesoma hili una silaha moja ya bure. Ukiambiwa kifaa chako kimezeeka, uliza: ni kipande gani kimeharibika? Kama hawezi kukitaja, hajakipima. Beba friji yako, tafuta anayejua kusikiliza feni.