SHERIA NA RAIA: Ruhusa ya Kujitetea Katika Shauri la Deni

Wako watu wengi wadhanio kwamba mtu akishtakiwa deni, na mdai akiwa na karatasi yenye sahihi yake, basi hana tena la kusema. Kilichobaki ni kumngoja dalali wa mahakama aje kuhesabu ng'ombe. Dhana hiyo si kweli, nayo imewapotezea mali watu ambao wangeweza kusikilizwa. Juma hili tutaeleza habari ya ruhusa ya kujitetea, yaani idhini aiombayo mdaiwa ili neno lake lisikilizwe kabla hukumu haijakatwa.

Tumchukue mkulima mmoja wa kahawa, wala hatuna haja ya kumpa jina kwa kuwa ni mfano tu. Mkulima huyu alikopa kwa jirani yake shilingi 600,000 anunue ng'ombe wa maziwa. Jirani akaleta karatasi, mahali pa kuandikia kiasi cha fedha pakiwa patupu, naye kwa haraka na kwa kuaminiana akatia sahihi. Baadaye akalipa shilingi 250,000 kwa M-Pesa, na shilingi 100,000 mkononi mbele ya mkewe, bila stakabadhi. Kisha ukazuka ugomvi wa mpaka wa shamba, na mara samansi ikaja: anadaiwa shilingi 1,200,000 pamoja na riba. Je, mtu huyu ana deni? Ndiyo, analo. Je, ni hilo lililoandikwa? Hasha. Shauri lake lote limo katikati ya majibu hayo mawili.

Sheria inayompa mdai njia ya mkato si ya jana. Huko Uingereza ilitungwa sheria mwaka 1855 kwa ajili ya hati za kuahidi fedha, kwa sababu wadaiwa walikuwa wakiandika utetezi wa uongo ili kuwachosha wafanya biashara kwa miaka. Mtindo huo ukaenea mpaka Bara Hindi, na huku Afrika ya Mashariki pia. Katika Tanzania, Amri ya 35 ya sheria ya mwaka 1966 ni kali: mtu aliyeshtakiwa kwa hundi au hati ya kuahidi kulipa, mdai akiifuata njia hiyo, hawezi hata kujitetea mpaka kwanza aombe ruhusa na kuipata. Kwetu Kenya, Amri ya 36 ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010 ni laini kidogo. Mdai huweza kuomba hukumu ya mkato pale mdaiwa alipokwisha kuitikia samansi lakini bado hajaleta hati ya utetezi.

Hapo msomaji ataona mara moja penye hatari. Mdaiwa akisha kuitikia samansi, anazo siku 14 za kuleta utetezi wake. Akiuleta kwa wakati, mlango wa Amri ya 36 umefungwa. Akikawia, mdai huweza kumwahi kwa ombi lake, na hapo ndipo mdaiwa hulazimika kuonyesha, kwa hati ya kiapo au kwa ushahidi wa mdomo, kwamba astahili kupewa ruhusa ya kujitetea.

Je, hati ya kiapo iseme nini? Hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata waliosoma. Kuandika tu kwamba "nakana deni lote" hakufai kitu. Hakimu hataki kelele, ataka habari. Mkulima wetu aseme siku aliyokopa, kiasi alichopokea na njia aliyopokelea, na kwamba karatasi ilikuwa tupu alipotia sahihi. Aambatishe taarifa ya M-Pesa yenye kuonyesha zile shilingi 250,000, na kwa kuwa ni ushahidi utokao katika mitambo, iwe na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Zile 100,000 za mkononi azitaje pia, na mkewe aape hati yake mwenyewe kwa aliyoyaona kwa macho. Tena hati hiyo haitiwi sahihi nyumbani jikoni ikapelekwa na mtoto. Mwenye kuapa huenda mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo.

Na lile deni la kweli, shilingi 250,000 zilizobaki, alifiche? Twaona afadhali alikiri. Mahakama ina uwezo wa kukata hukumu kwa sehemu isiyobishaniwa na kutoa ruhusa kwa sehemu iliyobaki, na mtu akiriye lililo kweli huaminiwa zaidi katika lile analolikana. Ila na aangalie jambo moja: deni la mapatano hufa baada ya miaka sita kwa Sheria ya Muda wa Mashtaka, lakini kulipa sehemu, au kuandika na kutia sahihi kwamba "nitalipa," huanzisha hesabu ya miaka upya.

Mdaiwa halazimiki kuthibitisha kwamba atashinda. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Patel na East African Cargo Handling Services lililochapwa katika ripoti za mwaka 1974, ilieleza kwamba utetezi wa maana si lazima uwe ule utakaoshinda, bali ule wenye jambo linalostahili kusikilizwa na kuamuliwa. Jambo moja la namna hiyo latosha. Hakimu akiwa na mashaka na utetezi, aweza kutoa ruhusa kwa masharti, kama vile mdaiwa kuweka dhamana. Sharti hilo si dogo kwa mkulima angojeaye malipo ya kahawa, kwa hiyo aseme mapema uwezo wake ukoje.

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, ambako shauri latakiwa liishe katika siku 60. Huko mambo huenda mbio zaidi, na samansi isiyojibiwa haimngoji mtu.

Aliyekwisha kuhukumiwa kwa kutofika aweza kuomba hukumu hiyo iondolewe. Atoe sababu ya kukawia kwake pamoja na utetezi anaotaka kuuleta. Katika shauri la Shah na Mbogo la mwaka 1967, ilielezwa kwamba uwezo huo ni wa kumwokoa aliyepatwa na ajali au kosa la kusameheka, wala si wa kumsaidia aliyekusudia kuchelewesha haki. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa hospitali alete karatasi za daktari, na yule aliyeikunja samansi akaitia sandukuni ajue kwamba ataulizwa.