Homa si jina la ugonjwa: uliza umepimwa nini

Tuseme uko Nadapal, kule Turkana. Mwili unawaka, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Ni malaria? Homa ya matumbo? Bruselosi, ile ya maziwa mabichi? Ama ni kala-azar? Siku za kwanza zote zinafanana, na hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa macho. Lazima maabara iseme.

Kipimo cha haraka cha malaria kiko poa. Tone la damu, dakika 15 hadi 20, jibu unalo. Tangu 2010 WHO inasema upimwe kwanza ndio upewe dawa. Lakini kikisema huna malaria, hakikuambii una nini.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbizwa kwa Widal. Kipimo hiki ni cha 1896, na kinatafuta kingamwili, sio bakteria wenyewe. Kama uliwahi kuugua ama ulichanjwa, kinaweza kusema una homa ya matumbo. Ukiwa na ugonjwa tofauti kabisa, bado kinaweza kusema hivyo hivyo. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwa damu, kazi ya siku kadhaa inayotaka vifaa, mtaalamu na stima isiyopotea. Dispensari ya mashinani itatoa wapi hayo yote? Kwa hivyo msee anapewa dawa kwa kubahatisha, doh inaisha, homa inarudi.

Turkana kubahatisha kunaua. Kala-azar huletwa na nzi wa mchanga, kadudu kadogo kanakopenda kujificha kwa vichuguu na nyufa za udongo. Homa hupita wiki mbili, unakonda, wengu unavimba upande wa kushoto wa tumbo. Bila matibabu, zaidi ya 95% ya wagonjwa hufa. Na kipimo cha haraka kipo, kinaitwa rK39, nacho ni tone la damu tu. Shida ni kama kiko kwa kituo kilicho karibu nawe, ama mpaka utafute nauli ya Lodwar.

Sasa tuongee siasa. Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti. Mwaka wa 2024 WHO ilizindua mpango wa kumaliza kala-azar Afrika Mashariki. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinunua sehemu ya vipimo vya malaria nchini. Kumbe tulikuwa tunapimwa kwa mfuko wa wenyewe.

Kwa hivyo kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, enda. Usiulize tu kuhusu jengo jipya na ambulensi. Uliza kuhusu vipimo, stima na mtu wa maabara. Na ukiugua, kabla hujameza chochote, uliza: nimepimwa nini, na ni nini hakijapimwa? Homa ikipita wiki mbili, itaje kala-azar kwa jina.