Si "Uzee Tu": Depresheni ya Shosho Iandikwe

Wasee wa Chechelesi, leo tuongee kuhusu kile daktari anaandika kwa faili. Najua inaboesha, lakini vumilia.

Mzee akianza kupotezwa na kumbukumbu, anapelekwa hospitali, faili inaandikwa "dimenshia", ule ugonjwa wa kusahau. Miezi inapita. Sasa akko au ayeyo hataki kula, halali, analia ovyo, hata kuketi nje na wenzake hataki. Nyumbani tunasema, "Ni uzee tu." Daktari naye akidhani yote ni kusahau, depresheni haiandikwi popote. Daktari wa kliniki ijayo ataijuaje?

Kwangu mimi, huko ni kumwacha mtu ateseke kimyakimya. Kumbukumbu inaweza isirudi, sawa, lakini huzuni yake inaweza kushughulikiwa, bora ionekane kwanza.

Na si eti haina jina. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, ina msimbo wa dalili za hisia kwa mwenye dimenshia: 6D86.1. Kukosa hamu ya chochote kuna msimbo wake, 6D86.3. Kwa nini zitenganishwe? Ju si kila shosho aliyenyamaza ana depresheni. Kumwandikia ugonjwa asio nao pia ni kumkosea.

Hapo ndipo wewe unaingia. Kuna kipimo kinaitwa Cornell, cha 1988, chenye vipengele 19. Daktari anamuuliza anayemtunza, halafu anaongea pia na mgonjwa. Mimi chuo niliacha na udaktari sijui, lakini najua kwa nyumba nyingi huku mtunzaji ni mjukuu.

Wengine wanasema, "Isiandikwe, watu watasema ana wazimu." Naelewa hiyo aibu. Lakini faili ya hospitali ni siri, si tangazo la sokoni. Na Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Isiolo itapangaje huduma za wagonjwa ambao kwa karatasi hawapo?

Kliniki ijayo, enda na majibu: ameanza lini, analala vipi, anakula nini, ameacha kupenda nini. Halafu uliza kwa heshima, "Daktari, hii umeiandika?"