Mpira Unaodunda

Wazazi wananung'unika: mtoto kapelekwa darasa la katuni za kompyuta, juma zima achora mpira unaodunda tu! Mimi nampa heko mwalimu. Sekunde moja yataka picha 24, au 12 kila moja ionekane mara mbili. Na mpira haudundi sawa mpaka mtoto ajue kuzikaribisha picha unapofika juu, na kuzitenga unaposhuka kwa kasi. Kompyuta yaweza kumjazia za katikati, lakini jicho lake halitafunzika.

Mjerumani Lotte Reiniger na wenzake walikata sanamu za karatasi kwa mkasi, wakazisogeza na kuzipiga picha moja moja miaka mitatu, hata ikatoka mwaka 1926 filamu ya hadithi za Alfu Lela Ulela. Hadithi hizo bibi zetu walitusimulia. Nani wa pwani atakayezichora, tukimtoa mtoto darasani kwa sababu ya mpira?