Nimeanza Mwaka wa Kwanza Mara Tatu

Yule jamaa wa usajili aliangalia karatasi zangu mbili kama mtu anayeangalia risiti ya supamaketi. Cheti cha ufundi wa umeme. Diploma ya uhandisi wa umeme. Akazirudisha kwenye bahasha.

"Ziko sawa, dada. Zimekuingiza. Sasa utaanza mwaka wa kwanza na wenzako."

Wenzangu walikuwa na miaka 18. Mimi nilikuwa na 26.

Siandiki hii nihurumiwe. Naandika kwa sababu mdogo wangu amepata D+ kwenye KCSE, na kila mtu mtaani anamwambia kile nilichoambiwa mimi mwaka 2016: anza na cheti, uende diploma, kisha digrii, ni ngazi tu. Mwalimu amesema hivyo. Mchungaji amesema hivyo. Mjomba wetu wa Kitengela, ambaye hajawahi kuipanda, ndiye anayeisifu zaidi.

Kwa karatasi, ngazi ipo. Ukipata C+ unaomba digrii. C- inakupa diploma. D inakupa cheti cha ufundi, na chini ya hapo kuna kozi za artisan. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya KNQF, mfumo wa kitaifa wa kupanga vyeti vyote vya nchi hii. Una ngazi 10: cheti cha ufundi kiko ya 5, diploma ya 6, digrii ya 7. Tano, sita, saba. Hata mtoto wa PP2 anajua zinafuatana. Basi niambie kwa nini mimi nikitoka sita kwenda saba napitishwa kwanza sifuri.

Najua kuna vyuo vikuu vinavyokubali mwenye diploma aingie mwaka wa pili. Poa. Lakini kwa kozi gani, na kwa alama zipi? Ukiuliza chuo hiki unaambiwa hivi, ukienda kile unaambiwa vingine, na wakati mwingine jibu linategemea nani amekaa dirishani siku hiyo.

Sheria ya Ohm nimefundishwa mara tatu, na watu watatu tofauti, na mara zote tatu nimelipia. Muhula wangu wa kwanza chuo kikuu, soketi za upande mmoja wa maabara zilikataa kufanya kazi. Fundi wa maabara hakuwepo. Mhadhiri akauliza kama kuna mtu anaweza kuangalia. Nikazima meni, nikafungua boksi, nikakuta waya wa nyutro umelegea, nikaukaza, nikawasha. Stima ikarudi. Darasa likanipigia makofi. Halafu nikarudi kwenye stuli yangu, na mhadhiri akaendelea kutueleza fyuzi ni nini.

Sikatai nadharia. Hesabu za digrii ni ngumu, na kuna nyingi ambazo diploma haikunipa. Kalkulasi ilinichapa kweli kweli. Uhandisi una bodi yake, na mimi pia sitaki kulala kwenye jumba lililowekwa stima na mtu aliyeruka masomo. Kwa hivyo nifundisheni nisichokijua. Kile ninachosema nakijua, nipeni mtihani wake wiki ya kwanza. Nikifeli, nirudisheni mwanzo na sitalalamika. Mbona mtihani huo sikupewa? Mwanafunzi anayerudia mwaka analipa karo ya mwaka, na mimi sioni nani ofisini humo mwenye haraka ya kumpunguzia mtu safari.

Tuongee pesa kidogo. Nilipoanza diploma 2018, karo ya vyuo vya ufundi ilikuwa imewekwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000, na iliyobaki uitafute HELB au kwa mama. Hapo hujahesabu overoli, wala ile miezi ya kwenda kujifunza kazini bila malipo, ambapo nauli ya Kayole hadi Industrial Area na kurudi ilikuwa yangu. Watu niliofanya nao KCSE wana watoto wanaovaa yunifomu. Mimi kwenye fomu bado naandika "mwanafunzi".

Halafu kuna wale wa jukwaani, wanaotuambia digrii ni makaratasi tu, vijana shikeni ufundi. Bana, watoto wao wamewapeleka kushika nini? Nimefanya mjengo wa fleti kule Pipeline. Nilivuta waya orofa sita na fundi ambaye ameifanya hiyo kazi miaka kumi na kitu, mtu anayejua kosa liko wapi kabla hajatoa testa mfukoni. Hana leseni ya EPRA. Kazi yake ikiisha, anakuja mtu mwenye leseni, anazunguka dakika ishirini, anatia sahihi, na huyo ndiye anayelipwa vizuri. Mwambie huyo fundi kwamba makaratasi hayana maana.

Mwaka 2013 Kenya Polytechnic iligeuzwa rasmi kuwa chuo kikuu, na ya Mombasa vilevile. Tulishangilia. Mimi naona tulichofanya ni kung'oa vipandio vya juu vya ngazi ya ufundi na kuvipachika kwenye ngazi nyingine, kisha tukawaambia mafundi waendelee kupanda.

Ninachodai ni kidogo mpaka naona aibu kukidai. Kabla mtu hajalipa hata shilingi, chuo kimpe karatasi moja inayosema mtihani wa kozi hiyo ni wa nani: KNEC, CDACC, NITA ama chuo chenyewe. Iseme kama TVETA imeruhusu kozi hiyo ifundishwe hapo. Iseme ni chuo kikuu gani kitaipokea, na mwanafunzi ataingia mwaka wa ngapi. Hata konda wa matatu hukutajia nauli kabla hujapanda, ingawa mvua ikinyesha ataibadilisha.

Jumamosi tulikuwa saiba na mdogo wangu. Zilikuwa zimebaki siku chache tovuti ya KUCCPS ifungwe. Jamaa wa saiba, anayetoza mia mbili kukujazia fomu, alikuwa tayari ameshamchagulia.

"Weka umeme. Iko na soko."

"Siz, niweke?"

Nikamuuliza jamaa mtihani wa hiyo kozi ni wa nani. Akanitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni, watoto wameshika slipu za matokeo, na msichana mmoja akasema kwa sauti kwamba kuna watu wanapenda kupotezea wengine wakati.

Tuliondoka bila kutuma. Mdogo wangu alinuna hadi steji. Jumatatu nitakosa darasa la asubuhi niende naye mpaka kwenye hicho chuo, tusimame dirishani, tuulize. Na jibu nitalitaka kwa maandishi, na muhuri.